Barua ya wazi kwa wenye ufunguo wa maktaba ya shule yetu

Dodoma

Kwa Mkuu wa Shule,
Bodi ya Shule,
na Viongozi wa Elimu wa Kata.

YAH: RIWAYA ZILIZOFUNGIWA, NA WATOTO WANAOFAULU VITABU AMBAVYO HAWAJAVISOMA

Ndugu viongozi,

Mbukwenyi, kwa salamu ya Kigogo.

Mimi ni babu na mlezi wa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule mnayoisimamia, hapa nje kidogo ya Jiji la Dodoma. Shule siitaji, wala majina yenu siyaandiki, maana nia yangu si kumwaibisha mtu, wahusika mnajijua. Jambo hili nililileta kwenu kwa mdomo, kisha kwa maandishi, kisha nikalisemea kwenye kikao cha wazazi mpaka mwenyekiti akaniomba nikae. Kila mara nimejibiwa kwamba limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nimestaafu utumishi wa reli, na lugha hiyo naifahamu vizuri: ndiyo tuliyowajibu abiria waliopotelewa na mizigo. Kwa hiyo sasa naandika mbele ya watu wote, kwa heshima ile ile, ila bila kunong'ona.

Kabla ya malalamiko, mjue anayelalamika ni nani, msije mkadhani ni mzee aliyekosa kazi ya kufanya.

Mama yangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika madarasa ya kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vitabu alivyopewa vilihusu kilimo bora na usafi wa nyumba. Alivisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, na alipovimaliza akauliza kama hakuna kitabu chenye watu ndani yake. Pale kijijini hakikuwapo.

Mimi nilimaliza darasa la saba, nikaingia reli, nikapangiwa stesheni ndogo ya Reli ya Kati, magharibi ya Dodoma kuelekea Manyoni. Palikuwa na nyumba chache za watumishi, tangi la maji, mibuyu na upepo. Treni ikishapita, kazi iliyobaki ni kungoja nyingine. Gadi mmoja wa treni ya mizigo aliniachia kitabu kilichochanika jalada, Kufa na Kupona cha Elvis Musiba, na usiku ule mpelelezi wake, Willy Gamba, akanikesha kwenye taa ya chemli. Habari zikaenea njia nzima kwamba stesheni fulani kuna kijana anayesoma. Magadi wakawa wananiletea: Musiba mwingine, kisha Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake mdomoni, kisha Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wapo watakaosema hizo ni hadithi za kupotezea muda. Sawa, muda nilikuwa nao. Lakini ndizo zilizonizoeza kukaa na kitabu usiku mzima bila kusinzia, na bila mazoea hayo nisingewafikia kamwe akina Shaaban Robert, Kezilahabi na Adam Shafi. Nayasema haya mapema kwa sababu najua baadhi yenu mnaamini mtoto aanze na vitabu vizito au asianze kabisa.

Kusadikika cha Shaaban Robert kilinifikia hivyo hivyo, kimefungwa kwenye gazeti. Kilichapishwa mwaka 1951. Humo Karama anashtakiwa mbele ya mfalme wa nchi inayoelea angani, kosa lake ni kutaka watu wafundishwe sheria. Badala ya kulia na kuomba radhi, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo mema, na ambao waliporudi nayo walitupwa gerezani. Hatukani mtu, wala hapazi sauti. Anamtaja mjumbe mmoja, halafu mwingine, halafu mwingine, mpaka wanaomhukumu wanajikuta wanasikiliza. Nilikisoma nikiwa kijana ambaye akiitwa na mkuu wa stesheni anatoka jasho. Utaratibu ninaoufuata katika barua hii nimeuazima kwa Karama, na ninaomba msinipe zawadi waliyopewa wale wajumbe.

Kuli ya Adam Shafi ndiyo iliyotuzungusha vichwa sisi watu wa reli. Ilitoka mwaka 1979. Rashidi ni mbeba mizigo wa bandarini Unguja, hakusoma, anadhani umaskini ni bahati yake, na taratibu anaanza kuelewa kwa nini wanaobeba zaidi ndio wanaolipwa kidogo, hadi kufikia mgomo wa mwaka 1948. Nakala yetu ilipita mikono mingi mpaka kurasa zikawa zinashikwa kwa uzi. Baada ya hapo mikutano ya wafanyakazi haikuwa tena ya kupiga makofi tu. Watu walikuja na maswali. Hakuna semina iliyotufanyia vile.

Sasa malalamiko yenyewe.

1. Chumba kilichoandikwa MAKTABA si maktaba.

Wazazi tulichangia mawe na mchanga. Wasio na fedha walichota maji ya kujengea. Chumba kikaisha, kikapakwa rangi, neno likaandikwa juu ya mlango kwa herufi kubwa. Leo ndani kuna magunia ya mahindi ya chakula cha mchana, viti vilivyovunjika miguu, na maboksi ya vitabu ambayo mengine hayajakatwa kamba tangu yaletwe. Panya wamepata chakula na matandiko chumba kimoja. Ufunguo anao mtu mmoja, naye akiwa safarini hata mahindi hayatoki. Sina ugomvi na mahindi, mtoto mwenye njaa hasomi. Ila yatafutiwe mahali pake.

2. Watoto wanafaulu riwaya bila kuzifungua.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndilo mnalolichukulia kwa wepesi kuliko yote.

Kwa miaka mingi sasa wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wamekuwa wakisoma, au tuseme wakitakiwa kusoma, riwaya kama Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo na Joka la Mdimu ya Abdallah Safari. Aliyezichagua alichagua vizuri. Lakini shuleni kwetu nakala za kila kitabu zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na hizo chache ziko kwa mwalimu. Kwa hiyo mwalimu anaandika ubaoni: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, wahusika, matumizi ya lugha. Watoto wananakili. Mwenye fedha ananunua kijitabu cha uchambuzi, anakariri, na siku ya mtihani anakimwaga kwenye karatasi. Uchambuzi wa namna hiyo ni kusimuliwa harusi na mtu ambaye naye hakualikwa.

Mjukuu wangu alikuja na insha yake juu ya Takadini. Alama zilikuwa nzuri, mwalimu kaandika "Hongera" kwa wino mwekundu. Nikamuuliza Sekai, mama katika riwaya hiyo, alitorokaje na yule mtoto.

"Babu, hilo haliulizwi."

"Nakuuliza mimi."

"Sisi tunaulizwa nafasi ya mwanamke katika jamii, babu. Ni mama, ni jasiri, anaonewa. Hoja tatu zinatosha."

Ndugu viongozi, Takadini ni habari ya mwanamke aliyengoja mtoto kwa miaka, akamzaa mwenye ualbino, na mila zikataka mtoto huyo afe. Mama akamchukua akakimbia naye. Katika nchi yetu, ambako ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya ushirikina, riwaya hiyo haiwezi kuwa hoja tatu za mtihani. Mtoto aliyetembea na Sekai kutoka ukurasa wa kwanza, akaogopa naye, akachoka naye, akimwona jirani yake mwenye ualbino kituo cha daladala atamwona kama mtoto wa mama fulani. Aliyekariri "dhamira: imani potofu" ana maneno mawili ya kuandika kwenye karatasi, na akitoka chumba cha mtihani anayaacha humo humo.

Na Watoto wa Mama N'tilie? Zita na Peter wanafukuzwa shule kwa kukosa sare na ada, mama yao anauza chakula, baba analewa. Shuleni kwetu wapo watoto ambao mama zao wanaamka saa tisa usiku kukanda chapati za kuuza Majengo na Sabasaba. Ni mara ngapi mtoto kama huyo hukutana na mama yake ndani ya kitabu? Tunamnyima kukutana naye, halafu tunamtaka aeleze kama ni mhusika bapa au duara.

Walimu siwalaumu. Madarasa yamejaa, vipindi ni vichache, na mwalimu naye anapimwa kwa matokeo. Nawalaumu wenye uwezo wa kubadilisha ratiba na kununua nakala ambao wameridhika kwa sababu matokeo hayajashuka.

3. Riwaya zinanyang'anywa kama vitu vya magendo.

Katika ukaguzi wa mabegi, mjukuu wangu alikutwa na Rosa Mistika. Nakala ni yangu, ina jina langu ndani na tarehe niliyoinunua. Mwalimu wa nidhamu akasema ni kitabu cha mapenzi, akakichukua, na binti akafagia uwanja wa shule mbele ya wenzake. Kitabu hakijarudi mpaka leo.

Nisemeje? Rosa Mistika ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, na ilitoka mwaka 1971. Nayo iliwahi kuzuiwa mashuleni, baadaye ikaruhusiwa, na leo hakuna anayezungumzia riwaya ya Kiswahili akaipita. Inahusu nini? Inahusu baba mkali, Zakaria, anayemchunga binti kwa kipigo na kumzuia hata kumtazama mvulana, bila kumweleza lolote. Binti anatoka nyumbani kwenda shule hajui dunia ina watu gani, na dunia inamvunja. Kati ya vitabu vyote ambavyo mngeweza kuvikamata kwa fimbo, mmekikamata hicho.

Nimelea mabinti kwenye nyumba za reli, mahali ambapo kila siku wanashuka wanaume wapya wenye fedha za safari na maneno matamu. Mimi na mama yao, Mungu amrehemu, hatukujua kuongea na watoto mambo hayo, sisi hatukuongeleshwa. Walipokuwa wakubwa kidogo tulisoma Rosa Mistika wote, kitabu kimoja kwa zamu. Tukawa tunamzungumzia Rosa. Kumzungumzia Rosa kulikuwa rahisi kuliko kumzungumzia binti aliyekaa mbele yangu, na kila mtu pale mkekani alijua tunazungumza nini. Wasingesema "baba, kuna mtu ananifuata." Walisema "yule mwanamume aliyemrubuni Rosa, wapo wa namna hiyo hata hapa." Mkiuliza kupenda kusoma kunamfanya mtu awe nani, jibu langu moja ni mazungumzo yale.

Nakubali si kila kitabu kinamfaa kila mtoto kwa kila umri. Mzazi na mwalimu waamue, lakini waamue wakiwa wamekisoma. Aliyekikamata cha kwangu alisoma jalada.

4. Watoto wa Dodoma hawaambiwi kwamba hapa pia pameandikwa vitabu.

Kila asubuhi magari ya serikali yanakwenda Mtumba, Mji wa Serikali, yanapita Ihumwa. Huko Ihumwa ndiko alikozaliwa Mathias Mnyampala, mwaka 1917, Mgogo, karani aliyekuja kuwa hakimu, mshairi aliyeipa nchi hii ngonjera. Wazee wa rika langu tulisimama mstarini tukajibizana ngonjera miaka ya Azimio la Arusha bila kujua zimetoka kwa mtu wa jirani. Aliandika mashairi, aliandika hadithi, na mwaka 1954 kikatoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Nimemuuliza mjukuu wangu na rafiki zake kama wamewahi kumsikia. Walidhani ni jina la mgombea.

Shaaban Robert tunamwita mtu wa Tanga, na ni kweli, alizaliwa huko mwaka 1909. Lakini miaka ya 1940 alikuwa karani wa idara ya mifugo Mpwapwa, mkoa huu huu. Alitembea kwenye vumbi hili, akala mtama wetu, na miaka michache baadaye Kusadikika kikachapishwa. Hao wote wawili walikuwa watumishi wa serikali wenye mshahara mdogo, walioandika baada ya saa za kazi. Kwa mji uliojaa watumishi wa serikali kama huu wa sasa, hiyo si habari ndogo.

Na kama mnataka jipya, Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mtoto Yusuf, ambaye baba yake anamtoa rehani kwa mfanyabiashara, anaanza safari yake kwenye mji mdogo wa reli, stesheni akitazama treni. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Hiyo nakala niliinunua Dar es Salaam nilipokwenda kutibiwa macho. Shuleni kwenu sidhani kama kuna anayejua ipo.

5. Mji unakua, sehemu za kusomea haziongezeki kwa kasi hiyo.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika Dodoma mjini. Ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Mtoto wa pembezoni hana nauli ya kwenda mjini kutafuta kitabu, kwa hiyo kama shule ya kata haina maktaba, yeye hana maktaba. Hili si kosa lenu peke yenu, nalitaja ili muone uzito wa kile chumba chenye mahindi.

Najua mtakachojibu, maana mengine nimekwisha kuyasikia.

Mtasema hamna mkutubi. Kweli, hamna. Lakini kwenye mitaa ya shule hii tumejaa wastaafu: walimu, makarani wa masjala, wauguzi, sisi wa reli. Kuazimisha vitabu kunahitaji daftari, kalamu na mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Nimesajili vifurushi, mbuzi, baiskeli na majeneza kwa miaka mingi na hesabu zilikuwa zinakubali. Riwaya haziwezi kunishinda.

Mtasema vitabu vitaibiwa. Vitaibiwa, naam. Baadhi. Vingine vitarudi vimepigwa maji ya mvua, vingine vitakuwa na alama za mafuta ya taa na ugali. Katika utaratibu wa sasa hakuna hata kimoja kinachoibiwa na hakuna hata kimoja kinachosomwa, kwa hiyo hasara yetu ni ya vyote. Kwa upande wangu, mtoto akiiba riwaya ili akaimalizie nyumbani ningeanza kwa kumuuliza imeishaje, ndipo nimpeleke kwa mwalimu wa zamu.

Mtasema mitihani kwanza. Hapa naomba tuelewane vizuri. Mtoto wetu anasoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza anapewa masomo karibu yote kwa Kiingereza. Analia. Anakariri. Sasa fikirini: mtoto ambaye hajawahi kumaliza kurasa mia mbili za lugha anayoota kwayo, atazimalizaje za lugha anayoikuta darasani tu? Uvumilivu wa kusoma kitu kirefu, kukumbuka mwanzo ulipofika katikati, kukisia neno usilolijua kutokana na yaliyo jirani yake, haufundishwi kwa notsi za ubaoni. Unapatikana kwa kutaka kujua Willy Gamba ataponaje. Ukishaupata, unakwenda nao kwenye Historia, kwenye Baiolojia, hata kwenye mkataba wa kiwanja, na hapa Dodoma mkataba wa kiwanja si jambo la kusoma juu juu.

Mtasema siku hizi vitabu viko kwenye simu. Shule imepiga marufuku simu.

Mtasema bajeti. Maboksi yaliyomo humo ndani yamekwisha kulipiwa na kuletwa. Kuyafungua kunahitaji wembe. Bajeti ya nakala zaidi nitaidai, na naidai hapa chini, ila isiwe kisingizio cha maboksi yaliyofungwa.

Kuna jibu moja ambalo hamtaliandika lakini lipo, kwamba watoto wa leo hawapendi kusoma. Pale nyumbani kwangu nina rafu moja ya mbao. Wikiendi wanakuja rafiki za mjukuu wangu, wanakaa kibarazani, na siku moja binti mmoja aligoma kwenda kuchota maji kwa sababu Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya nyingine ya Adam Shafi, alikuwa ametoroka kwa Bwana Raza na yeye alitaka ajue atafika wapi. Mama yake alikuja kunigombeza mimi. Nilikubali kugombezwa.

Basi ninachoomba, nami naongea pia kwa niaba ya wazazi waliotia saini nyuma ya nakala halisi ya barua hii, ni haya:

(a) Mahindi yahamishwe, maboksi yafunguliwe, vitabu viorodheshwe, na orodha ibandikwe mahali ambapo kila mwanafunzi ataiona. Funguo ziwe kwa watu wasiopungua wawili.

(b) Chumba kiwe wazi wakati wa mapumziko, baada ya masomo, na Jumamosi asubuhi. Wastaafu tutapanga zamu bila kudai posho. Chai tutakuja nayo.

(c) Kuwe na kipindi kimoja kwa wiki cha kusoma tu. Kila mtoto na kitabu chake, mwalimu naye na chake, bila maswali, bila insha, bila alama. Najua neno "bila alama" linawatia wasiwasi. Jaribuni muhula mmoja.

(d) Fedha ya vitabu itakapopatikana, zinunuliwe riwaya kamili zinazotosha darasa, na vijitabu vya uchambuzi visinunuliwe kwa fedha ya shule.

(e) Msako wa riwaya usitishwe. Kitabu kikitiliwa shaka, mzazi aitwe na wote wawili wakisome kabla ya kuamua. Vilivyochukuliwa virudishwe kwa wenyewe, pamoja na Rosa Mistika yangu, na binti yule aambiwe mbele ya wenzake, mstarini, kwamba hakutenda kosa.

(f) Iwepo rafu ya waandishi waliozaliwa au kuishi mkoa huu. Nakala yangu ya Diwani ya Mnyampala nitaitoa mimi kuianzisha, kwa masharti kwamba isiwekwe chini ya magunia.

Naomba jibu la maandishi, lenye tarehe na jina la atakayehusika na kila kipengele, kabla muhula ujao haujafunguliwa. "Limepokelewa" nimekwisha kulipokea. Jibu lisipokuja, siku ya kwanza ya kikao cha wazazi tutafika na toroli, tutaomba ufunguo, na tutahamisha mahindi wenyewe hadi popote mtakapotuonyesha. Mwenye toroli tumeshaongea naye.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Babu wa mwanafunzi wa kidato cha tatu,
mtumishi mstaafu wa reli,
Dodoma.

Nakala:
Wazazi na walezi wote wa shule.
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.
Ubao wa matangazo, kituo cha daladala.